Mstari wa Sentimita Moja kwa Saa: Chati ya Uchungu, Elimu ya Wakunga na Huduma kwa Wanawake Wanaojifungua nchini Uganda na Nchi Jirani

Ikisiri

Kwa miongo mitatu na zaidi wakunga wa Afrika Mashariki wamefundishwa kupima maendeleo ya uchungu kwa kanuni ya sentimita moja kwa saa. Mwaka 2018 Shirika la Afya Duniani liliacha kuipendekeza kanuni hiyo, na sehemu ya ushahidi uliotumika ilikusanywa nchini Uganda. Makala haya yanaeleza asili ya kanuni hiyo, watu iliokusudiwa kuwasaidia, sababu za kuachwa kwake, na mambo ambayo mabadiliko hayo yanayadai katika vyuo vya ukunga, mabaraza ya taaluma na vituo vya afya vilivyo mbali na chumba cha upasuaji. Hoja kuu ni kwamba mstari wa awali ulikuwa pia kipimo cha umbali, na kwamba umbali huo haujapata mahali pake katika chati mpya.

1.0 Utangulizi

Katika wodi za wazazi za Uganda, Kenya, Tanzania na Rwanda, karatasi moja imekuwa alama ya kazi ya mkunga: patografu. Juu yake huandikwa mapigo ya moyo wa mtoto, hali ya maji ya uzazi, kufunguka kwa mlango wa kizazi, kushuka kwa kichwa, nguvu ya uchungu, mapigo ya moyo ya mama na shinikizo la damu. Katikati hupita mistari miwili ya mshazari. Wa kwanza ni mstari wa tahadhari. Wa pili, ulio kulia kwake kwa saa nne, ni mstari wa hatua. Mwanafunzi wa ukunga huijua mistari hii kabla hajamzalisha mama yeyote, kwa kuwa haikosekani katika mitihani.

Mazingira ambamo karatasi hiyo inatumika yamebadilika sana. Kwa mujibu wa tafiti za kitaifa za demografia na afya za Uganda, uwiano wa vifo vitokanavyo na uzazi ulikuwa 336 kwa kila vizazi hai 100,000 mwaka 2016, ukashuka hadi 189 mwaka 2022. Katika kipindi hicho sehemu ya vizazi vilivyotokea katika vituo vya kutolea huduma za afya ilipanda kutoka asilimia 73 hadi 91. Kwa muda mrefu swali la sera lilikuwa namna ya kumfikisha mama kituoni. Sasa mama yupo kituoni, na swali limehamia kwenye kile anachokikuta huko.

2.0 Asili ya mstari

Mwaka 1954 Emanuel Friedman, daktari wa uzazi mjini New York, alichora maendeleo ya uchungu wa wanawake 100 waliokuwa wakijifungua kwa mara ya kwanza. Mchoro wake ulikuwa na umbo la herufi S iliyolala: mlango wa kizazi hufunguka polepole mwanzoni, kisha kwa kasi, kisha kasi hupungua kidogo mwishoni. Kutokana na mchoro huo ulizaliwa mgawanyo wa hatua ya awali, ambayo ni tulivu, na hatua hai ya uchungu.

Mchoro wa Friedman ulikuwa maelezo tu. Waliougeuza kuwa chombo cha kazi ni R. H. Philpott na W. M. Castle, waliochapisha matokeo yao mwaka 1972 kutoka mji wa Salisbury, Rhodesia, ambao leo ni Harare. Tatizo lao halikufanana na la New York. Wakunga wa kliniki za pembezoni walikuwa wakiwahudumia wanawake peke yao, na chumba cha upasuaji kilikuwa katika hospitali kuu. Uchungu pingamizi ulipotambuliwa kwa kuchelewa, mama alifika hospitalini akiwa na kizazi kilichopasuka, au mtoto akiwa amekwisha kufa, au tishu zikiwa zimebanwa kwa muda uliotosha kuleta fistula. Mkunga alihitaji alama ya kumwambia kwamba wakati wa kuita gari umefika, ilhali hali ya mama bado inaruhusu safari.

Philpott na Castle waliangalia asilimia 10 ya wanawake ambao uchungu wao ulikwenda polepole kuliko wengine katika kujifungua kwa mara ya kwanza, wakapata kasi ya takriban sentimita moja kwa saa. Kasi hiyo ndiyo iliyochorwa kuwa mstari wa tahadhari. Mama aliyevuka mstari huo hakuhesabiwa kuwa mgonjwa. Alihesabiwa kuwa mtu anayestahili kusogezwa karibu na msaada. Saa nne kati ya mistari miwili zilikuwa muda wa kumsafirisha na kumchunguza upya kabla ya kuamua lolote zaidi. Jambo hili husahaulika mara nyingi darasani, ambako mistari hufundishwa kana kwamba maumbile yenyewe ya mwanamke ndiyo yaliyoichora.

3.0 Kutoka kliniki hadi kanuni ya dunia

Februari 1987 ulifanyika jijini Nairobi mkutano wa kimataifa uliozindua Mpango wa Uzazi Salama. Patografu ya Shirika la Afya Duniani ilitokana na msukumo wa wakati huo. Ilijaribiwa katika hospitali za Indonesia, Malaysia na Thailand, na matokeo yaliyohusu wanawake 35,484 yakachapishwa mwaka 1994. Uchungu uliozidi saa 18 ulipungua kutoka asilimia 6.4 hadi 3.4, na matumizi ya dawa za kuongeza uchungu yakashuka kutoka asilimia 20.7 hadi 9.1. Mwaka 2000 chati ilirahisishwa: hatua ya awali iliondolewa, na hatua hai ikahesabiwa kuanzia sentimita 4 badala ya 3.

Ni chati hiyo iliyorahisishwa iliyoenea katika vyuo na vituo vya eneo hili. Pamoja na kuenea kwake, ilikutana na mambo mawili. Kwanza, mapitio ya Cochrane ya majaribio ya patografu hayakupata ushahidi wa kutosha kupendekeza matumizi yake ya kawaida kwa kila mzazi. Pili, tafiti za Afrika Mashariki zimeeleza mara kwa mara chati zilizojazwa nusu, na nyingine zilizojazwa baada ya mtoto kuzaliwa. Chati inayojazwa baada ya tukio hunyooka vizuri sana. Haimlindi mama, humlinda aliyeijaza.

4.0 Ushahidi kutoka Nijeria na Uganda

Kati ya Desemba 2014 na Novemba 2015, watafiti walifuatilia wanawake katika hospitali 13 za Nijeria na Uganda. Uchambuzi mmoja, uliochapishwa mwaka 2018, ulihusu wanawake 5,606 ambao uchungu wao ulianza wenyewe na ambao wao na watoto wao walitoka salama. Ilionekana kwamba, kwa mwanamke wa wastani, kufunguka kwa sentimita moja kulichukua zaidi ya saa moja hadi alipofika sentimita 5. Miongoni mwa waliojifungua kwa mara ya kwanza, wale wa polepole zaidi waliweza kuchukua zaidi ya saa 7 kutoka sentimita 4 hadi 5, na zaidi ya saa 3 kutoka 5 hadi 6. Hawa hawakuwa wagonjwa. Walijifungua salama.

Uchambuzi wa pili, uliotumia taarifa za wanawake 9,995 wa hospitali hizo hizo, uliuliza iwapo mstari wa tahadhari huwatambua wanawake watakaopata madhara makubwa. Jibu lilikuwa kwamba uwezo wake ni hafifu. Wengi waliovuka mstari hawakupata madhara, na wengi waliopata madhara hawakuuvuka.

Mfano utaweka bayana maana ya matokeo haya. Mwanamke anayejifungua kwa mara ya kwanza anapimwa saa mbili asubuhi, mlango wa kizazi umefunguka sentimita 4. Saa sita mchana anapimwa tena, umefika 6. Kwa patografu ya mwaka 2000, amekwisha kuvuka mstari wa tahadhari, kwani alitarajiwa kuwa na sentimita 8. Katika hospitali yenye haraka atawekewa dripu ya oksitosini. Katika kituo kidogo ataandikiwa rufaa. Kwa ushahidi wa Nijeria na Uganda, mwanamke huyo anaendelea vizuri.

5.0 Chati mpya

Mwaka 2018 Shirika la Afya Duniani lilitoa mapendekezo 56 kuhusu huduma wakati wa uchungu na kujifungua. Hatua hai sasa huanza kwenye sentimita 5. Kwa kawaida haizidi saa 12 kwa anayejifungua kwa mara ya kwanza, wala saa 10 kwa aliyekwisha kujifungua kabla. Kanuni ya sentimita moja kwa saa haipendekezwi tena kuwa kipimo cha kumbaini mwanamke aliye hatarini. Desemba 2020 ikafuata chati mpya, ambayo hapa itaitwa Mwongozo wa Huduma ya Uchungu.

Mistari ya mshazari haimo katika Mwongozo huo. Badala yake, kila sentimita ina ukomo wake wa muda: saa 6 kwenye sentimita 5, saa 5 kwenye 6, saa 3 kwenye 7, saa 2 na nusu kwenye 8, na saa 2 kwenye 9. Kando ya kila kipengele pana safu inayoonyesha ni thamani ipi inapaswa kumshtua mkunga.

Kipya zaidi kipo juu ya vipimo hivyo. Kabla ya mapigo ya moyo wa mtoto hayajaandikwa, mkunga anaulizwa iwapo mama ana mtu wa kumsindikiza, amepewa nafuu ya maumivu, amekunywa kitu, na amelala chali au yuko katika mkao mwingine. Jibu la hapana kwa swali la msindikizaji huhesabiwa kuwa ishara ya kushughulikiwa, sawa na shinikizo la damu lililopanda. Chini kabisa kuna nafasi ya mpango, ambao mkunga anatakiwa kuukubali pamoja na mama mwenyewe. Mambo yaliyokuwa yakifundishwa katika kipindi cha maadili, mara nyingi Ijumaa mchana, yamehamia kwenye karatasi ya kazi.

6.0 Umbali uliosahauliwa

Uganda imepanga huduma zake kwa ngazi. Kituo cha Afya cha Ngazi ya Tatu kina wodi ya wazazi na wakunga, lakini hakina chumba cha upasuaji. Chumba hicho kimekusudiwa kuwa katika Ngazi ya Nne, na baada yake hospitali. Mkunga wa Ngazi ya Tatu anafanana sana na yule wa kliniki ya pembezoni ambaye Philpott na Castle walikuwa wakimfikiria.

Hospitali 13 zilizotoa ushahidi mpya zilikuwa hospitali. Saa 6 kwenye sentimita 5 ni subira salama pale ambapo chumba cha upasuaji kipo ng'ambo ya ua. Mwanamke wa mfano uliotangulia, aliyefika sentimita 6 saa sita mchana, anafikia ukomo wake saa kumi na moja jioni. Hapo ndipo mkunga wa kijijini ataanza kumtafuta dereva, na pengine mafuta ya gari, huku giza likikaribia. Zipo pia hesabu za upimaji. Mapendekezo yanataka mlango wa kizazi upimwe kila baada ya saa nne. Kipimo kifuatacho ni saa kumi jioni, wakati ukomo haujafika. Kinachofuata ni saa mbili usiku, saa tatu baada ya ukomo kupita. Isipokuwa mkunga aone sababu ya kupima mapema, ishara itamfikia ikiwa imechelewa.

Hii si hoja ya kuurudisha mstari wa zamani. Rufaa zisizo za lazima zina gharama yake: mwanamke hujikuta juu ya pikipiki katikati ya uchungu, familia hukopa nauli, na hospitali ya rufaa, ambayo tayari ina wanawake wawili kitanda kimoja, hupokea mtu aliyeweza kujifungua salama karibu na kwao. Inachodai hoja hii ni kwamba ukomo wa Mwongozo usomwe pamoja na muda wa safari. Kituo kilicho saa tatu kutoka chumba cha upasuaji kinahitaji kujua saa ya kuanza kujiandaa, na hilo linaweza kuamuliwa na timu ya afya ya wilaya pamoja na wakunga wanaoifahamu barabara wakati wa masika. Wizara haihitaji kubuni chati nyingine. Inatosha mstari mmoja wa maelekezo kwa kila kituo, unaotaja saa ya kumpigia simu dereva.

Kuna hatari nyingine ya usomaji mbaya. Kwa kuwa hatua hai huanza kwenye sentimita 5, ni rahisi kumwambia mwanamke mwenye sentimita 3 arudi nyumbani. Mapendekezo hayasemi hivyo. Kuchelewesha kumpokea mama katika leba hadi hatua hai kumependekezwa kwa ajili ya utafiti wa kina tu. Mwanamke aliyetembea kutwa nzima na kufika akiwa na sentimita 3 anahitaji pa kulala, maji, na mtu wa kumsikilizia mtoto, hata kama chati yake haijafunguliwa.

7.0 Neno uchungu

Katika Kiswahili, uchungu ni ladha ya shubiri, ni huzuni ya msiba, na ni kazi ya mwili inayomleta mtoto. Mama anaposema uchungu umeanza jana jioni, anahesabu tangu maumivu ya kwanza. Mkunga anapoandika saa ya kuanza, anahesabu tangu sentimita 5. Wote wawili wanasema kweli, lakini saa zao zinatofautiana kwa usiku mzima. Mama akisikia kwamba uchungu wake haujaanza, huelewa kwamba hakuaminiwa.

Tofauti hii haifundishwi kwa sababu lugha ya darasani si lugha ya kitandani. Nchini Uganda mkunga husoma kwa Kiingereza, kisha huhudumia kwa Kiganda, Kinyankole, Kiluo au Kiswahili. Hali haikuwa hivyo tangu mwanzo. Mafunzo ya wakunga yaliyoanzishwa na Katharine Cook katika Hospitali ya Mengo, iliyokuwa imefunguliwa na mumewe Albert Cook mwaka 1897, yalitegemea Kiganda, na kitabu cha ukunga kiliandikwa kwa lugha hiyo. Mafunzo yale yalikuwa na kasoro zake, mojawapo ikiwa maadili ya kimisioni yaliyomtazama mwanamke wa Kiafrika kama mtu wa kurekebishwa. Hata hivyo, mwanafunzi alijifunza kusema anachokiona kwa maneno ambayo mama aliyelala mbele yake angeyaelewa. Mwongozo unaotaka mpango ukubaliwe na mama hauwezi kutekelezwa bila maneno hayo, na istilahi za Kiswahili kama vile mlango wa kizazi, kondo la nyuma, maji ya uzazi na uchungu pingamizi zipo tayari. Kinachokosekana ni mitihani ya vitendo inayomtaka mtahiniwa azitumie mbele ya mtu asiye na elimu ya afya.

8.0 Elimu na viwango vya taaluma

Viwango vya elimu vya Shirikisho la Kimataifa la Wakunga vinataka mafunzo ya ukunga yasiyopitia uuguzi yachukue angalau miaka mitatu, na yale ya muuguzi anayejiendeleza angalau miezi 18. Nadharia isipungue asilimia 40 na mazoezi yasipungue asilimia 50. Nchini Uganda, ngazi ya cheti, ambayo imezalisha wakunga wengi wa vituo vya vijijini, imekuwa ya miaka miwili na nusu. Juu yake kuna stashahada, na shahada inayotolewa, miongoni mwa vingine, na Chuo Kikuu cha Lira. Tofauti ya miezi sita si kubwa kwa kuitazama. Inaonekana katika mambo yanayohitaji uamuzi, na chati mpya inahitaji uamuzi mwingi kuliko ile ya zamani. Mstari wa mshazari ulimwambia mkunga jambo moja. Mwongozo unamtaka apime, aandike, alinganishe na ukomo, kisha apange.

Uzito wa mabadiliko unamwangukia zaidi mkunga mlezi wa wodini. Mwanafunzi hufundishwa Mwongozo chuoni, kisha hupelekwa wodi ambamo msimamizi wake alizoea mistari miwili, na ambamo wazazi wanne wako katika hatua hai kwa mkunga mmoja. Kusikiliza moyo wa mtoto kila nusu saa kwa wanawake wanne ni kazi ya kutwa peke yake. Chini ya hali hiyo mwanafunzi hujifunza haraka sana namna ya kujaza karatasi, na polepole sana namna ya kuitumia. Mabaraza ya wauguzi na wakunga, ambayo ndiyo yenye mamlaka ya kukagua vyuo, hukagua maabara na idadi ya vitabu. Wodi ya mafunzo inastahili ukaguzi wa aina hiyo hiyo, ukiwemo uwiano wa wakunga walezi kwa wanafunzi.

Mahakama nazo zimeanza kuutazama ubora wa huduma hiyo. Mwaka 2018 Mahakama Kuu ya Kenya iliyoketi Bungoma ilimpa fidia ya shilingi milioni 2.5 mwanamke aliyejifungulia sakafuni katika hospitali ya umma na kutukanwa na kupigwa. Agosti 2020 Mahakama ya Katiba ya Uganda, katika shauri lililofunguliwa mwaka 2011 baada ya vifo vya wanawake wawili, iliamua kwamba kushindwa kwa serikali kutoa huduma za msingi za uzazi kwa kiwango cha kutosha kulikiuka katiba. Kwa hiyo safu ya msindikizaji, kinywaji na mkao haisimamiwi na mwongozo wa Geneva peke yake. Mkunga anayeacha kuijaza kwa sababu ana wazazi wanne hawezi kubebeshwa peke yake lawama ambayo mahakama imekwisha kuipeleka kwa mwajiri wake.

Suala la mpaka limebaki. Itifaki ya Soko la Pamoja la Jumuiya ya Afrika Mashariki, inayotumika tangu Julai 2010, inazitaka nchi wanachama zitambue sifa za kitaaluma za raia wa nchi nyingine. Makubaliano ya awali yalisainiwa na wahasibu, wasanifu majengo, wahandisi na madaktari wa mifugo. Mkunga aliyesomea Kampala anaweza kuvuka hadi Kisumu au Bukoba kwa basi la usiku mmoja, na wanawake wa mipakani huvuka kujifungua upande wenye kituo kilicho karibu. Iwapo upande mmoja unatumia mistari miwili na mwingine ukomo wa kila sentimita, karatasi ya rufaa iliyoandikwa Busia ya Uganda itasomwa kwa macho mengine Busia ya Kenya, na mama aliyehesabiwa kuwa salama asubuhi ataonekana kuwa amechelewa mchana, hali mlango wa kizazi ni ule ule.